Mguu unaouma ukitembea na kutulia ukisimama, usiuite uzee

Kuna mwalimu mstaafu ambaye kila asubuhi hutembea kutoka nyumbani kwake hadi kituo cha daladala kununua gazeti. Zamani ulikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Siku hizi unamchukua karibu nusu saa, na majirani wanaona ni kwa sababu mwalimu ni mtu wa watu. Akifika kwenye genge la mboga, husimama kumsalimu mama muuzaji: habari za nyumbani, watoto hawajambo, yule mgonjwa anaendeleaje. Akifika kwa fundi pikipiki, husimama tena. Vijana wanamwamkia shikamoo, naye anawajibu na kuwauliza habari za kazi mpaka wanashangaa.

Wasichokijua ni kwamba kigimbi chake cha mguu wa kushoto kinambana kama kimeshikwa na koleo. Anasimama kwa sababu hawezi kuendelea. Salamu zikifika dakika mbili au tatu, maumivu yanaisha kabisa, anaaga na kusonga mbele. Baada ya hatua zilezile, yanarudi.

Mwalimu huyu si mtu mmoja. Nimemchora kutokana na wagonjwa wa aina yake, ambao kwa miaka huficha maumivu yao ndani ya salamu na kujiambia kuwa ni uzee au baridi yabisi. Wajerumani huuita ugonjwa huu ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa sababu wagonjwa wa kwao husimama kila baada ya hatua kadhaa na kujifanya wanatazama bidhaa dirishani. Kwetu tunajificha kwenye salamu.

Je, msomaji, na wewe una vituo vyako njiani? Au unaye baba, mama au babu ambaye siku hizi anasimama sana akitembea? Basi makala ya leo ni yako.

Kwa nini maumivu yanatulia ukisimama?

Damu hufika miguuni kupitia ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini. Kwa miaka mingi, mafuta na chokaa vinaweza kujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo na kuifanya iwe myembamba na migumu. 

Fikiria bomba la maji lililojaa kutu kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Usiku, mtu mmoja akifungua koki, maji yanatoka vizuri na hakuna anayelalamika. Asubuhi, wote wakifungua kwa pamoja, yanatoka kwa matone. Ndivyo ilivyo kwa mguu. Ukiwa umekaa, misuli inahitaji damu kidogo na mshipa uliopungua unatosha. Ukianza kutembea, hasa kwa haraka au kupanda mlima, misuli inadai damu mara nyingi zaidi. Haipati, inakosa oksijeni, nayo inalalamika kwa maumivu. Ukisimama, mahitaji yanashuka na maumivu yanaondoka.

Ndiyo maana maumivu haya yana tabia maalumu: huanza baada ya mwendo unaolingana kila siku, hukaa kwenye misuli na si kwenye kiungo, na hutulia kwa dakika chache za kusimama. Mara nyingi huwa kwenye kigimbi. Kama mshipa ulioziba uko juu zaidi, yanaweza kuwa kwenye paja au kwenye makalio.

Zaidi ya watu milioni 200 duniani wanakadiriwa kuwa na ugonjwa huu, na wengi hawajui. Walio kwenye hatari kubwa ni wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la juu la damu, wenye lehemu nyingi kwenye damu, wenye ugonjwa sugu wa figo na watu waliofikisha umri wa miaka 65 na kuendelea.

Jambo la kukumbuka hapa ni hili: mishipa ya mguu haiugui peke yake. Kinachoziba mshipa wa kigimbi ndicho kinachoziba mishipa ya moyo na ya ubongo. Wengi wenye maumivu haya ya kutembea hawatapoteza mguu, lakini wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio la moyo au kiharusi kuliko wenzao wa umri wao. Mguu unatoa taarifa mapema. Ukiupuuza, umepuuza na moyo.

Si kila maumivu ya mguu ni ya ateri

Kabla hujaogopa, tofautisha kwanza.

Kama goti au nyonga inauma tangu hatua ya kwanza, na inauma hata unapoinuka kwenye kiti, hilo huenda ni tatizo la kiungo.

Kama miguu inauma na kuishiwa nguvu ukitembea, lakini kusimama wima hakukusaidii mpaka ukae au uiname mbele, chunguza mgongo. Mishipa ya fahamu inaweza kuwa inabanwa kwenye uti wa mgongo.

Kama miguu inakuwa mizito na kuvimba jioni baada ya kusimama kutwa nzima, mishipa imejitokeza kama kamba chini ya ngozi, na ukiinua miguu unapata nafuu, tatizo huenda liko kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Hili tunaliona sana kwa watu wa kazi za kusimama na kwa akina mama waliozaa mara kadhaa. Vidonda vyake hupenda kukaa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Kwa mwenye tatizo la ateri mambo ni kinyume. Kuinua mguu kunamzidishia maumivu, kuushusha kunampa nafuu. Ugonjwa ukizidi, utamkuta usiku amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia, kwa sababu akilala unyayo unawaka moto. Mgonjwa akifika hapo, asisubiri mwezi ujao. Damu haitoshi hata akiwa amepumzika, na mguu uko hatarini.

Dalili unazoweza kuziona mwenyewe

Kaa mahali penye mwanga, vua viatu na soksi, linganisha mguu mmoja na mwingine.

Gusa kwa mgongo wa kiganja. Miguu yote miwili kuwa ya baridi mwezi wa Julai ukiwa Njombe au Makete si ajabu. Mguu mmoja kuwa wa baridi kuliko mwenzake ukiwa Dar es Salaam ni jambo la kuuliza.

Tazama ngozi. Mguu usiopata damu ya kutosha hupoteza vinyweleo, ngozi yake huwa nyembamba na kung'aa, kucha huwa nene na hukua polepole, na kigimbi hupungua unene.

Tazama rangi. Vitabu vingi husema mguu huwa mweupe au wa bluu, na mtu mweusi akijitazama haoni kitu. Usitazame juu ya mguu, tazama nyayo na chini ya kucha. Lala chali, mtu akuinulie miguu kwa dakika moja. Unyayo ukipauka sana kuliko mwenzake, kisha ukikaa na kuushusha ukachelewa kurudi katika hali yake na baadaye ukawa mwekundu uliokolea, mweleze daktari.

Tafuta mapigo. Weka vidole vitatu juu ya unyayo, katikati, kwenye mstari unaopita kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Usibonyeze kwa nguvu. Kisha tafuta nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu. Wapo watu wachache wazima ambao mapigo ya juu ya unyayo hayashikiki tangu kuzaliwa, kwa hiyo kuyakosa hapo peke yake si hukumu. Ukiyakosa sehemu zote mbili, au mguu mmoja unayo na mwingine hauna, nenda hospitali.

Mwisho, tazama vidonda. Kidonda cha ukosefu wa damu hupenda ncha za vidole, katikati ya vidole na kisigino. Kidonda chochote cha mguu ambacho kimepita wiki mbili bila kuonyesha dalili ya kufunga kinahitaji kuonwa na mtaalamu. Kama una kisukari, usizisubiri hata hizo wiki mbili.

Mwenye kisukari, wewe una kesi ya pekee

Haya yote niliyosema kuhusu maumivu yanaweza yasikuhusu, na hapo ndipo hatari ilipo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu ateri na pia huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu unakufa ganzi. Damu inapungua lakini hakuna kengele inayolia. Mgonjwa anaweza asipate yale maumivu ya kutembea, akaja kushtuka kidole kimeshakuwa cheusi.

Usidhani natia chumvi. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye ameandika mengi kuhusu miguu ya wenye kisukari nchini, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2005 taarifa za wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala. Panya anamng'ata mtu na mtu hasikii. Anaamka asubuhi anakuta damu kwenye shuka.

Mguu wa namna hiyo hauwezi kujilinda. Lazima ulindwe na macho yako.

Makosa tunayoyafanya nyumbani

Turudi kwa mwalimu wetu. Mguu ulipoanza kuwa wa baridi usiku, mkewe alimwonea huruma. Akamchemshia maji, akatia chumvi, akamwambia, "Baba, weka mguu humu, damu itembee." Mwalimu ana kisukari, hakusikia kuwa maji ni ya moto kupita kiasi. Asubuhi kukawa na malengelenge kwenye vidole viwili.

Lengelenge moja likapasuka. Akafungua kidonge cha rangi mbili, akanyunyizia ule unga juu ya kidonda, kama wengi wetu tulivyozoea kuona tangu utotoni. Kidonda kikakauka juu, chini kikaendelea kuchimba. Wiki ya nne kidole kikawa cheusi, na ndugu mmoja akaja na habari kwamba mwalimu amekanyaga kitu alichotegewa. Wiki mbili nyingine zikapotea kwa mganga.

Hakuna aliyefanya haya kwa ubaya. Mke alifanya kwa mapenzi. Lakini kila hatua ilimpeleka mwalimu karibu na msumeno. Kwa hiyo tuyaseme makosa haya waziwazi.

Usiloweke mguu wenye ganzi au wenye mzunguko hafifu kwenye maji ya moto. Usiuweke karibu na jiko la mkaa wala usiulaze na chupa ya maji ya moto. Vaa soksi za pamba zisizobana, inatosha.

Usinyunyizie unga wa vidonge, dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa kwenye kidonda. Safisha kwa maji safi, funika kwa bandeji safi, nenda kituo cha afya.

Usinunue soksi za kubana kwenye duka la dawa kwa kuwa jirani yako zilimsaidia. Zinafaa kwa matatizo ya vena. Kwa mtu ambaye ateri zake zimeziba, zinaweza kumkatia hata ile damu kidogo inayofika. Pima kwanza.

Usimpe miguu yako kijana anayepita mtaani na beseni la kutengeneza kucha kama una kisukari au ganzi. Kazi yake ni halali, lakini wembe wake ukipita mahali usiposikia, gharama ni yako.

Na usitumie pesa kwa dawa zinazonadiwa kuwa zinasafisha mishipa kwa siku thelathini. Kilichojengeka kwa miaka ishirini hakioshwi kwa chupa moja.

Hospitali watakufanyia nini?

Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakiumi. Watapima presha kwenye mkono, kisha kwenye kifundo cha mguu, halafu watagawanya ile ya mguu kwa ile ya mkono. Kwa kawaida presha ya mguu hulingana na ya mkono au huizidi kidogo, kwa hiyo jibu huwa 1 au zaidi kidogo. Likiwa chini ya 0.9, ateri za mguu zimepungua. Kwa mfano, mkono ukiwa na 150 na kifundo cha mguu 90, jibu ni 0.6, na hilo ni tatizo bayana. Kwa wenye kisukari cha muda mrefu, mishipa inaweza kuwa migumu kiasi kwamba jibu likaonekana zuri kumbe si kweli, ndiyo maana daktari anaweza kuongeza kipimo cha ultrasaundi kuona damu inavyopita.

Utapimwa pia sukari, lehemu, figo na presha. Matibabu ya wengi ni dawa za kushusha lehemu, dawa ya kuzuia damu kuganda, udhibiti wa presha na sukari, na mazoezi. Usijianzishie aspirini kwa kusikia. Kwa mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa nyingine, inaweza kumletea madhara makubwa.

Mshipa ukiwa umeziba sana na mguu uko hatarini, wataalamu wanaweza kuupanua kwa kupitisha puto dogo ndani yake, au kufanya upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya kupitisha damu. Huduma hizi haziko kila hospitali, kwa hiyo muda wa kupewa rufaa uwe bado upo. Kinachowapotezea watu miguu mara nyingi ni wiki zile walizokaa nyumbani.

Kutembea ni dawa

Hili linawashangaza wagonjwa. Kama mguu unauma ukitembea, si bora kukaa? Hapana. Kutembea kwa mpangilio huifundisha misuli kutumia vizuri oksijeni kidogo inayoipata, na husaidia mwili kutumia vijia vidogo vya damu kando ya pale palipoziba.

Mpango ni huu. Tembea mpaka maumivu yafike kiwango cha kati, yaani yanakusumbua lakini hayajakushinda. Simama mpaka yaishe kabisa. Endelea tena. Rudia hivyo kwa dakika 30, na polepole ufikie 45, angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa. Hesabu nguzo za umeme unazopita kabla ya kusimama. Mwezi wa kwanza huenda zikawa nne, wa tatu zikawa nane.

Kama una kidonda, au unyayo unauma ukiwa umelala, usianze mazoezi haya kabla ya kumwona daktari.

Sigara nayo iache kabisa, si kupunguza. Ugoro na shisha pia ni tumbaku. Hakuna dawa ya mishipa itakayokusaidia vizuri huku unaendelea kuvuta.

Dakika mbili kila jioni

Chagua muda ambao tayari unashika miguu yako. Kwa Mwislamu inaweza kuwa wakati wa udhu wa jioni. Kwa mwingine ni baada ya kuoga kabla ya kulala. Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, kausha vizuri katikati ya vidole, paka mafuta kwenye nyayo na visigino lakini si katikati ya vidole. Tazama juu, chini na kati. Kama huoni vizuri au huwezi kuinama, tumia kioo kilichowekwa sakafuni, au mwite mjukuu. Macho ya mtoto wa darasa la nne yanatosha kuona mchubuko.

Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na uingize mkono ndani. Nunua viatu alasiri, wakati miguu imetanuka. Kama una ganzi, epuka kandambili zinazokwaruza kati ya vidole, na usitembee peku hata ndani ya nyumba.

Kuna mambo ambayo hayasubiri asubuhi. Mguu ukiwa wa baridi ghafla, ukapauka, ukauma sana, ukafa ganzi au ukashindwa kuuchezesha, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Misuli isiyopata damu kabisa inaweza kuharibika moja kwa moja ndani ya saa sita hivi. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye vena, nayo inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Usiukande, usiuchue, nenda hospitali. Vivyo hivyo kidonda kinachotoa harufu, wekundu unaopanda juu, homa, au ngozi kuwa nyeusi.

Mwalimu alifika hospitali akiwa amechelewa, ila si sana. Mshipa ulipanuliwa, kidole kimoja kikakatwa, mguu ukabaki. Siku hizi anahesabu nguzo. Bado anasimama kwenye genge la mboga, na anamwambia mama muuzaji ukweli: "Nisubiri kidogo, mama, mguu unapumzika." Mama yule naye ana kisukari. Alipouliza ni mguu gani huo unaopumzika, mwalimu alimwambia avue viatu.

Nawe fanya hivyo. Ukienda kliniki safari ijayo, iwe ya kisukari au ya presha, vua viatu na soksi kabla hujaulizwa, uweke miguu mahali daktari anapoiona. Mwambie: naomba unipime mapigo ya miguu. Ni haki yako, na haichukui hata dakika tano.